Tone Lililokataa Kulala

Kazi ya Kabagwira wa Gitega ilikuwa kutazama maji yakilala. Kiwanda kidogo cha mabeseni kilimwajiri apime plastiki kabla ya kuchapwa nembo. Wino haushiki kwenye plastiki tupu, unabanduka tu. Kwa hiyo vipande vinachovywa kwanza kwenye tindikali, uso wake ubadilike. Kisha Kabagwira anadondosha tone la maji kwa sindano, anapiga picha kutoka ubavuni, anapima mwinamo wa ukingo wake. Tone likisimama kama ushanga, tindikali imefanya kazi bure. Likilala bapa, wino utashika.

Wiki ile matone yalisimama. Yalituna, yakamtazama.

"Kesho yasipolala, tunaacha kuchapa, tunarudi kubandika stika," alisema Régis, mwenye kiwanda. "Na stika hazihitaji mpimaji, dada."

Alipoondoka, Kabagwira akadondosha tone katikati ya kipande, mahali ambapo hakugusa. Likalala. Akadondosha pembeni, pale alipokuwa ameshika kwa kidole gumba. Likasimama.

Akanusa glavu zake. Mafuta ya kupaka!

Alizivaa kwa mikono yenye mafuta, yakahamia upande wa nje wa glavu, kisha kwenye plastiki. Akanawa kwa sabuni, akavaa glavu nyingine, akashika kipande kingine. Tone likasimama tena, jeuri.

Kwao mtu hatoki nje hajang'aa. Mama yake alikuwa akimkagua mlangoni kila asubuhi. Tangu afariki, baba yake, mzee Léonce, ndiye anayesimama pale na kopo la mafuta. Hasemi mengi. Lakini hapo hana mzaha.

"Unaenda wapi na mikono ya mtwanga muhogo?" akauliza asubuhi iliyofuata.

"Kazini, Papa. Leo sipaki."

"Majirani watasema nimeshindwa kukutunza."

"Nikipaka, kazi imekwisha."

"Si unanawa ukifika?"

"Nilinawa jana. Hayatoki."

Mzee akalitazama kopo. Akalifunga taratibu.

"Basi pita njia ya nyuma," akasema.

Kiwandani Kabagwira akavaa glavu mpya, akashika kipande kipya pembeni, akadondosha palepale. Tone likasitasita, likajitandaza. Régis akamnyang'anya sindano, akajaribu mwenyewe. Lake nalo likalala.

"Stika zisubiri," akacheka, akanyoosha mkono kumpongeza.

Kabagwira akavua glavu, akaiona mikono yake ilivyopauka, akampa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kulima.

"Mikono michafu?"

"Safi, bosi. Safi kupita kiasi."