Mama na jua la Tromsø

Hili sikuwa nimemwambia mtu: niliomba kwenda kusoma mwaka mmoja Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe.

Leo wamenikubali. Ikabaki sahihi ya mama tu.

Fomu niliificha chini ya mto. Nikasikia ndala zake koridoni, nikachoka kuficha. Nikaitoa, nikaiweka kitandani.

Akaisoma yote.

"Huko jua linazama saa ngapi?"

(Kwetu hapa Berea jua likizama, msichana yuko ndani. Hakuna mjadala.)

"Wakati wa joto halizami, mama. Miezi miwili."

"Na wakati wa baridi?"

"Halichomozi kabisa."

Eish, mdomo wangu.

Mama akachukua kalamu.

"Basi baridi hutoki nje. Joto likija nipigie, mimi nitakuambia kama usiku umefika."

Ametia sahihi, jamani. Nani ana koti la kuniazima?