Dunia ya Upande wa Usiku

Mie hadithi nilizijua kuliko mtoto yeyote wa mtaa wetu kule Temeke, na sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Tatizo lilikuwa bibi, mzaa mama. Alikuja toka Newala na miiko yake: hadithi haitolewi mchana. Ukiitoa, mama yako harudi nyumbani.

Siku zote tuliona ni maneno tu. Safari hii mama alikuwa hospitali, kaenda kujifungua, na siku zinapita. Mdogo wangu wa kike akagoma kula. Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano tuliopangia foleni duka la ushirika, na yeye bila hadithi ya mama hamezi tonge. Macho yalishamwingia ndani. Niliogopa jamani, tena sana.

Mchana mmoja, nikiona hawezi kungoja usiku, nikamketisha uani na sahani ya ugali. "Hadithi, hadithi!"

Bibi akaacha kuchambua mchicha. "We mtoto! Unamtakia nini mama yako?"

"Bibi, hii inatoka mbali. Mwalimu katwambia kila nyota ni jua, huenda lina dunia zake. Dunia yangu mie upande mmoja ni mchana tu, wa pili usiku tu. Hadithi inatoka upande wa usiku. Huko sasa hivi giza totoro."

Ya nyota alisema mwalimu. Ya dunia nilitunga palepale, na nilitunga vizuri.

"Una maneno wewe," bibi akasema. Hakunizuia.

Basi nikamwaga. Jua lao jekundu, limeng'ang'ania pembeni mwa mbingu, halichi wala halichwi. Watu wa gizani wana masikio mapana kama majani ya mgomba. Hawaogopi simba wala zimwi, wanaogopa kivuli, maana hawajawahi kukiona. Anayevuka kwenda upande wa mchana anakikuta kimemshika miguu, anakimbia nacho mpaka anachoka, mwisho anakizoea na kukipa jina. Na ugali wao ni wa njano. Mweupe wanawapa kuku.

Mdogo wangu akacheka, tonge likaingia. Na la pili.

Mama alirudi Ijumaa, mikono mitupu. Mtoto hakuishi. Jirani yetu, aliyekuwa akinisikia kupitia ua wa makuti, akanung'unika mbele ya watu: huyu si ndiye aliyekuwa anatoa hadithi mchana?

Bibi akamgeukia. "Kulikuwa usiku. Nilikuwepo."

Bibi akakaa mkekani, ubavuni mwa mama, akaniita. Akaniuliza taratibu, kama anayeulizia habari za kwao:

"Huko kwenye dunia yako, vichanga wakifa wanazikwa upande upi?"

"Wa mchana, bibi. Kivuli kiwe nao, wasiogope."

Mama alikuwa kajifunika kanga gubigubi. Akasema humo humo ndani, "Endelea."