Shahidi wa Kurudi Kwake

Kila mwaka, mvua zinapokaribia kukatika, mke wangu hunipigia simu kuniomba barua. Yeye ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye nchi ya kaskazini ambayo baridi yake naijua kwa kusimuliwa tu. Kibali chake ni cha mwaka mmoja. Ili kihuishwe, uhamiaji wa huko hutaka mume aliyebaki nyumbani athibitishe kwa maandishi, chini ya muhuri wa ofisi ya kata, kwamba mkataba ukiisha mkewe atarudi.

Mwaka wa kwanza niliandika kwamba atarudi. Mkataba ukaisha, akaongezewa mwingine. Mwaka wa pili niliandika vilevile, na mambo yakawa yaleyale. Alipopiga mara ya tatu nilikuwa barazani, hapa Ruhuwiko, nikimenya magimbi.

“Mwalimu, ile barua,” akasema. Ameniita hivyo tangu tulipooana.

“Nimeandika mara mbili, Mama, na mara zote mbili umenifanya mwongo mbele ya serikali ya watu.”

“Andika tu. Waume wa wenzangu wote wanaandika.”

“Huenda wao wanajua. Mimi sijui.”

“Hujui nini?”

“Kama utarudi.”

Nyuma yake nilisikia kengele, na sauti ya mzee ikiita kwa lugha nisiyoielewa. “Naitwa,” akasema, na simu ikakatika.

Nilifundisha historia mpaka nilipostaafu, na sikumruhusu mwanafunzi yeyote kuandika “inasemekana” pasipo kunionyesha aliyesema. Sasa hiyo “inasemekana” imehamia mtaani kwangu. Mwenye duka jirani, aliyekuja kutoka Tunduru, alinisubiri siku hiyohiyo.

“Shikamoo, Mzee. Nasikia mtu akiongezewa kibali mara ya tatu, anapewa uraia hukohuko. Ndiyo basi tena.”

“Marahaba. Umesikia kwa nani?”

“Kuna mtu Tunduru, shemeji yake yuko Ulaya.”

“Huyo shemeji umemwona?”

“Sijamwona. Lakini Mzee, mama anaogesha wazee wa watu. Wewe nani anakuogesha?”

“Naoga mwenyewe. Nipe sabuni.”

Alicheka sana. Niliondoka na sabuni yangu, lakini nilipofika nyumbani nilikuta swali lake limenitangulia. Karibu na bomba la uani kuna jiwe bapa ambalo mke wangu, akitoka zamu ya usiku hospitalini, alikuwa akisimama juu yake kuosha miguu kabla ya kuingia ndani. Nilikuwa nikiusikia mlio wa maji nikiwa bado kitandani, nami hapo ndipo nilipohesabu kuwa kumekucha. Jiwe hilo limeota utelezi wa kijani. Hakuna anayelikanyaga.

Kesho yake nilikwenda kata. Mtendaji ni binti aliyehamishiwa kwetu kutoka Mara, mwenye adabu na haraka.

“Shikamoo, Babu. Mfano wa barua upo kwenye kompyuta, tunabadilisha majina tu.”

“Marahaba. Unasemaje huo mfano?”

“‘Nathibitisha kwamba mke wangu atarudi.’”

“Wewe mke wangu unamjua?”

“Simjui.”

“Utapigaje muhuri?”

“Nampigia muhuri anayemjua, Babu.”

Hapo alinishinda. Niliomba karatasi nikaandika kwa mkono: kwamba mimi ni mumewe wa ndoa ya kanisani, kwamba nyumba yetu ipo, nami naishi ndani yake, kwamba kama atarudi au hatarudi, ajuaye ni yeye, na kwamba jambo ninaloweza kulishuhudia bila kuambiwa na mtu ni kuwa namngoja.

Mtendaji aliisoma polepole. “Babu, kwa hii wanaweza kumnyima.”

“Najua,” nikasema, naye akaipiga muhuri.

Njiani nilijiuliza kama nilitaka anyimwe. Sikupata jibu ambalo ningemkubalia mwanafunzi. Kwa hiyo sikuipeleka uhamiaji. Niliituma kwake, aamue mwenyewe kuiwasilisha au kuichana.

Zilipita wiki kadhaa bila neno. Mahindi yakakauka shambani, nikavuna peke yangu. Ndipo akapiga.

“Wamenipa mwaka,” akasema. “Afisa aliuliza kama mume wangu ni mkali hivi siku zote.”

“Ukamjibu nini?”

“Nilikuwa chini ya kiapo, Mwalimu. Nikasema ndiyo.”

Nilicheka, naye akacheka. Safari hii hapakuwa na kengele nyuma yake.

“Mwakani usiandike,” akasema. “Nitakuja.”

Neno la simu ni neno la simu. Nimelipokea kama ninavyopokea kila habari ambayo sijaiona kwa macho, na mwenye duka sikumwambia. Hata hivyo, asubuhi iliyofuata nilichukua brashi na ile sabuni, nikapiga magoti penye bomba, nikalisugua lile jiwe mpaka likarudia rangi yake.