Mpira wa Shimo la Tisa

Nati hakuwa mwizi. Hilo tuliweke wazi mapema, maana yanayofuata yanaweza kukufanya umfikirie vingine. Alikuwa fundi wa mashine za kukatia nyasi kwenye kiwanja cha gofu, miaka kumi na saba katika karakana ileile, na jina la Nati alipewa na wenzake kwa sababu mifuko yake haikosi nati. Mpe mashine yako aitengeneze, hata skrubu iliyozidi atakurudishia ameifunga kwenye karatasi. Mtu wa namna hiyo aibu ikimpata, humpata vibaya, kwa sababu hajaizoea.

Mara moja kwa mwaka klabu huwaachia wafanyakazi kiwanja, wakaja na ndugu na marafiki kucheza. Timu ni ya watu watatu, mashimo ni tisa. Kila mmoja anapiga mpira wake, timu inachagua uliokaa pazuri kuliko yote, kisha wote watatu wanapiga tena kutoka hapo, na hivyo hivyo mpaka mpira uingie shimoni. Mchezo mtamu, maana hata asiyejua anabebwa. Lakini kubebwa kuna mpaka wake, na katibu wa mashindano, mama mmoja asiyependa mzaha, aliusoma mpaka huo mara mbili asubuhi ile: mpira wa kuanzia wa kila mchezaji lazima uchaguliwe angalau kwenye mashimo mawili. Msipotimiza, kadi yenu mkawashie jiko.

Nati alikuja na jirani yake, muuguzi mmoja mwenye mabega, aliyekuwa akiupiga mpira kama umemtukania mama. Wa tatu alikuwa baba mkwe wake.

Huyu mzee alikuwa fundi saa. Miaka arobaini alichungulia vigurudumu vidogo kuliko punje ya mchele, na mwaka jana macho yakamwambia basi. Kitu cha mbali kwake ni kivuli tu, na cha karibu mpaka akisogeze puani. Akafunga duka, akahamia kwa binti yake, akakaa kitini siku nzima mikono magotini.

"Tangu afunge duka sijamsikia akicheka," mke wa Nati alimwambia mumewe. "Nenda naye. Hata akikosa yote, si atapigwa na jua kidogo?"

Basi wakacheza, na wakacheza vizuri ajabu. Kosa lao lilikuwa moja, na lilikuwa la tamaa. Mpira wa Mzee waliuchagua kwenye shimo la tatu, wakaridhika. Kila shimo lililofuata Nati alisema, "Baba, wako tutautumia mbele huko," kwa kuwa wa muuguzi ulikuwa umekwenda mbali zaidi. Mbele huko, mbele huko, mara wakajikuta shimo la tisa, la mwisho, na hesabu ya Mzee bado ni moja. Sasa hapakuwa na kuchagua. Popote mpira wa Mzee utakapoangukia, ndipo hapo hapo.

Muuguzi alipiga wa kwanza, mpira ukaingia vichakani upande wa kulia, akaenda kuutafuta huku akiutukana. Nati akapiga wake, ukakaa katikati ya nyasi fupi, mbali, pazuri. Kisha Mzee akasimama, akapapasa ardhi kwa kiatu, akapiga.

"Nimeusikia," alisema. "Huo umeshika. Umekwenda wapi?"

Ulikuwa umekwenda kushoto, chini chini, ukajibanza kwenye mzizi wa mti. Hata mtoto asingekosea kuuona. Lakini Mzee alikuwa ametazama mbele, kule asikoona kitu, ana tabasamu ambalo Nati hakuwa ameliona mwaka mzima.

"Mbele, Baba. Katikati kabisa."

Neno lilishatoka. Nati akakimbia kana kwamba anawahi jambo, akauokota ule wa kwenye mzizi, wenye duara la kalamu nyekundu ambalo Mzee huchora kwenye mipira yake, akaenda kuuweka pale ulipokuwa wake. Wake akautia mfukoni. Mzee alipofika akainama, akausogeza mpira puani, akaliona duara lake, akacheka kwa sauti. "Kumbe bado nimo!" Hakuna aliyemwona Nati akibadilisha mipira, na hapo ndipo alipoanza kujisikia vibaya.

Walishinda kwa pigo moja. Walioshindwa kwa hilo pigo moja ni timu ya mpishi wa klabu, ambaye huo ulikuwa mwaka wake wa tatu mfululizo kuwa wa pili. Mpishi alikuja mwenyewe kumshika Nati mkono. "Safari hii mmetuweza kihalali, ndugu yangu. Sina neno." Nati akasema asante. Alitamani ardhi ipasuke.

Wiki iliyofuata nyumba ilibadilika. Mzee alikula, akaimba bafuni, akamtania mjukuu. Kikombe cha ushindi akakiweka juu ya kabati la sebuleni. Alikwenda kwa kinyozi, akaenda duka la dawa, akaenda kwa fundi viatu, kote akasimulia pigo la shimo la tisa, na kila aliposimulia aliongeza chumvi kidogo. Mkewe Nati akamwambia mumewe, "Mungu akubariki kwa ulivyomfanyia baba yangu." Nati alisukuma sahani akasema tumbo linamsumbua. Kazini aliacha kwenda jikoni kuchukua chai. Alikula mkate mkavu nyuma ya trekta, mtu mzima na heshima zake, amejificha asionane na mpishi.

Aseme? Akisema, anamrudisha mzee wa watu kitini. Asiposema, amemdhulumu mpishi. Alilizungusha hilo mpaka kichwa kikamuuma, na kila siku aliona afadhali kesho.

Jumapili asubuhi mapema Mzee akavaa viatu. "Mwanangu, nipeleke pale. Nataka nipime pigo langu kwa miguu. Watu wananiuliza umbali, na mimi nababaisha."

Wakaenda. Kiwanja kilikuwa kitupu. Mzee alisimama palipoanzia shimo la tisa, akamshika Nati kiwiko, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Nati angeweza kumwambia "ni hapa" popote pale. Mzee asingejua. Lakini mdomo ulikuwa mzito, uongo wa pili ukakataa kutoka. Hamsini. Mia moja. Walipofika mia na ishirini sauti ya Mzee ilikuwa imeshuka. Mia na sitini alikuwa anahesabu kwa midomo tu. Mia mbili na moja Nati akasimama.

"Hapa?" Mzee akauliza.

"Hapa, Baba."

Mzee akageuka kuelekea walikotoka. "Hata nikiwa kijana sikupata kuupiga mpira hatua mia mbili. Ulikuwa wapi wangu?"

Nati akampeleka kwenye mti. Wakarudi mwanzo, wakahesabu upya. Themanini na nane.

"Hizi ndizo zangu," alisema Mzee. Aliugusa mzizi kwa kiatu. "Tungeshindwa kutoka hapa?"

"Labda, Baba."

"Hukutaka tupige, tujue." Hakufoka. Afadhali angefoka. "Kikombe kipeleke kwa mwenyewe leo hii, na kwa katibu uende. Mimi unipeleke kwa watu wangu. Nimewadanganya."

Mpishi alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, akaonyesha meza kwa kisu. "Weka hapo," akasema, akachukua kiazi kingine. Katibu yeye aliifuta kadi, akamwambia mwakani asije.

Kisha kwa kinyozi. Nati alikuwa amemshika Mzee mkono.

"Lile pigo halikuwa langu," alisema Mzee akiwa bado mlangoni. "Nilikosea. Si mnajua macho yangu."

Kinyozi na wateja wake wakamtazama kwa ile huruma anayopewa mtu mzima aliyejikojolea. Wakatoka.

"Kwa nini umejibebesha kosa langu, Baba?"

"Wewe ni mume wa binti yangu. Ulitaka nisemeje?"

Nati alimtengenezea kila mtu mashine kwa uaminifu miaka kumi na saba, na hakuna siku aliyojiona mdogo kama hapo kwenye ukingo wa barabara. Kwenye duka la dawa Mzee akaanza tena, "Lile pigo, nilikosea, macho..."

"Hakukosea," Nati akamkatiza. Mwenye duka akaacha kupanga chupa, na wanunuzi wawili wakageuka. "Ni mimi niliyebadilisha mipira. Nilimdanganya, nikawadanganya wote. Yeye alipiga hatua themanini na kitu."

"Themanini na nane," Mzee akasahihisha, akageukia mlango. Bado kulikuwa na fundi viatu, na majirani wa pande zote mbili.