Kadi ya Koplo Nkandu

Mwaka 1974 redio ilitangaza sheria mpya: askari aliyemaliza utumishi wake atafundishwa miezi sita kutoboa kadi za ordinateur, ile mashine kubwa iliyokuwa inaanza kuingia maofisini, kisha atapewa kazi. Ngosa aliisikia akiwa amekaa nje ya nyumba yake mtaani Katuba. Tangu atoke jeshini, kukaa ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa bidii.

Mkewe Wivine hakungoja sheria ipoe. (Majina ya ubatizo kama hilo serikali ilikuwa imeyapiga marufuku, lakini nyumbani nani atasikia?) Alimpigia pasi abacost yake moja, ile suti isiyo na tai iliyotakiwa na serikali.

"Enda, Ngosa. Ukibaki hapa utaota mizizi."

Akaenda. Hakufurahi wala hakuhuzunika. Tangu vita vya kaskazini, kila jambo lilimfikia kana kwamba linapitia blanketi zito. Wivine alizoea, alisema ameolewa na mtu mpole, na wanaomjua Wivine walijua anavyoumia akisema hivyo.

Darasa lilikuwa katika jumba moja njiani kuelekea Kasapa. Chumba kilipozwa kwa ajili ya mashine. Mashine zilipata baridi yao, watu wakapata mafua. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, na kila asubuhi wengine sitini walisimama langoni wakiomba mmoja ashindwe. Mwalimu Musonda aliita majina saa moja kamili, akatia alama daftarini, na kazi ikaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unasoma jina la mtu kwenye karatasi, unabonyeza vitufe, mashine inatoboa matundu kwenye kadi yake. Mtu aliye hai, safu ya arobaini inabaki nzima. Aliyekufa, unatoboa tundu moja hapo. Kisha mwenzako anabonyeza yaleyale kwenye mashine ya pili, na mkitofautiana, mashine inakata pengo ukingoni mwa kadi. Hakuna kubishana nayo.

Mwezi wa mwisho walipewa orodha ya kweli ya askari wa zamani. Ngosa alitoboa mia, mia mbili, vidole vikienda vyenyewe. Siku ya Jumanne akafika kwa Nkandu, koplo wa kikosi chake, aliyekufa mwaka 1965 kwenye njia ya Pweto, katika vile vita vya kaskazini. Alibonyeza jina. Alibonyeza namba. Safu ya arobaini akairuka.

Kadi ikarudi na pengo. Akaitoboa upya, ikarudi tena na pengo. Mwalimu Musonda akaja na kadi mbili mkononi, na hakuwa mtu mbaya.

"Citoyen Ngosa, kosa mbili. Ya tatu, nafasi inaenda kwa muntu wa kule inje. Minafunga mulango na minakuacha."

Saa ya chakula, Chileshe akamfuata. Alikuwa binti wa mashine ya pili, yule ambaye kadi zote zilipita kwake.

"Baba Ngosa, karatasi inasema muntu alikufa. Juu ya nini unamuandika muzima?"

Ngosa alitafuna muhogo wake hadi ukaisha. Halafu akamwambia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la ukutani. Kambini, askari akiandikwa amekufa, mjane wake alipewa siku tatu kutoka katika nyumba ya jeshi. Albertine wa Nkandu alikuwa na mtoto wa wiki mbili.

"Basi tulikuwa tunaitika mu nafasi yake. Asubuhi sergent anaita, Nkandu! Mi naitika, présent! Miezi tano. Sergent alikuwa anajua, yeye pia alikuwa na bibi."

"Na kisha?"

"Siku moja nikaugua. Hakuna mwenye aliitika."

Ngosa alikunja karatasi ya muhogo mara mbili, mara nne.

Alasiri akakaa mbele ya mashine. Aliwaza Wivine na ile pasi. Aliwaza wale sitini wa langoni. Alibonyeza jina, akabonyeza namba, na kwenye safu ya arobaini akaweka kidole na kubonyeza. Mashine ikagonga mara moja, kama ilivyogonga kwa kila mtu. Alingoja aumie. Alikuwa amengoja maumivu hayo miaka tisa, angeyapokea kwa mikono miwili, lakini hayakuja. Kadi ikaenda kwa Chileshe na haikurudi.

Nyumbani alimwambia Wivine kwamba nafasi yake imebaki salama. Wivine alipiga vigelegele mpaka jirani wakatoka. Ngosa akala, akalala.

Asubuhi saa moja Musonda alifungua daftari.

"Ngosa."

Ngosa alikuwa kitini pake, macho wazi, mikono juu ya magoti. Alisikia jina na alijua ni lake. Alijua pia neno la kuitikia, alikuwa amelisema maisha yake yote kwa ajili yake na kwa ajili ya mwingine. Halikutoka.

"Citoyen Ngosa?"

Darasa likageuka kumtazama. Musonda akainua kalamu.

"Présent," akaitika Chileshe kutoka nyuma.

Mwalimu alimtazama binti, akamtazama yule mwanaume aliyekaa hatua tatu mbele yake. Kisha akatia alama na kuita jina lililofuata.