Matundu ya Bunduki Yaliyotoa Moshi wa Chai

Boma la zamani hapa Kasulu lina kuta nene kiasi kwamba ukimsengenya mwalimu upande huu, upande wa pili hasikii hata mzimu. Nani alilijenga, wazee wanabishana. Huyu anasema Mdachi, yule anasema Mwingereza. Wanachokubaliana ni kwamba aliyebeba mawe alikuwa Mha, na chai hakupewa.

Chai ilikuja baadaye sana. Aliyeileta ni mama yangu.

Ukuta wa nyuma una matundu membamba, yaliyoachwa ili askari wachomoze mitutu ya bunduki. Mama aliyatumia kutoa moshi. Chumba chenyewe kilianza kama mahabusu, kikawa stoo, kisha mahali pa kutupia taipureta zilizokufa, mpaka bosi mmoja mwenye njaa alipomruhusu mama aweke jiko humo. Nikitoka shule nilipita chini ya matao ya baraza, namkuta kwenye kigoda anapuliza mkaa, na bila kugeuka ananiambia, "Nawa mikono kwanza, mheshimiwa." Nadhani nimekula maandazi mengi mahabusu kuliko mfungwa yeyote wa nchi hii.

Kisha ofisi zikahamia jengo jipya, lenye vigae na vioo na mgahawa wake. Mama hakuwa mtumishi wa serikali, kwa hiyo hakuna aliyemhamisha. Akaenda Kibondo kwa shangazi, kuuza chai karibu na stendi, maana watu wa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli walikuwa wakipita hapo kwa wingi. Kambi ikafungwa, mama akabaki. Mimi niliachwa kwa bibi kwa sababu ya shule.

"Siku nikipata pa kuweka jiko Kasulu, kesho yake narudi," alikuwa akisema kwenye simu. Sote tulijua anaposema "pa kuweka jiko" anamaanisha wapi. Hata mimi, asubuhi nyingi, nilizunguka njia ndefu ya shule nipite bomani, nisimame kwenye ule mlango ninuse. Tangawizi ilikuwa bado imo ukutani. Au ilikuwa imo puani mwangu, sijui.

Basi gari la matangazo lilipopita kusema wakubwa wanataka maoni ya wananchi, boma litumikeje, nilimkamata bibi. Asimame aseme: barazani pawe na chai, watu wa mashamba wanaofuata huduma mjini wapate pa kupumzika. Tukafanya mazoezi.

"Bibi, usianze na habari za magoti yako."

"Magoti ndiyo yatakayonifikisha huko, wewe mtoto. Lazima yatajwe."

Kikao kilifanyika asubuhi, pale pale barazani. Ofisa alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu juzi tu kutoka Pwani, mtu mpole, shati limenyooka. "Nimekuja kuwasikiliza, wazee wangu," alisema. "Ila nianze na wazo langu. Tuzibe baraza kwa nondo, ndani tuweke mafaili ya zamani na viti vibovu. Mnaonaje?"

Sasa, Waha hatusalimii kwa mdomo peke yake. Mtu mzima akiwakuta watu wamekaa, anainama, anapiga makofi taratibu, anasema "Mwakeye", na waliokaa wanamwitikia kwa makofi pia, kisha zinaulizwa habari za nyumbani mpaka za mbuzi. Zamani akija ofisa mgeni, mama alimnong'oneza pamoja na kikombe cha kwanza, "Hao hawakushangilii, bosi. Wanakusalimu tu. Kaa."

Siku ile mama hakuwepo. Na ofisa alipomaliza tu kuuliza, wakaingia wazee wa Kagerankanda, wamechelewa, miguu imejaa vumbi. Wakainama, wakapiga makofi. Baraza zima likawaitikia. Bibi alikuwa ameshaanza kunyanyuka aseme yetu, akakaa tena ili asalimie vizuri. Chini ya yale matao makofi yalivuma kama mvua ya mawe juu ya bati.

Ofisa akaweka mkono kifuani. "Asanteni sana, jamani. Sikutegemea mkubali haraka hivi."

"Mkuu, wanasalimiana hao!" nikapiga kelele.

Watu wakaangua kicheko. Ukishajulikana kwa utani ndiyo shida yake: siku ukisema kweli, wanacheka kwanza. Ofisa naye akacheka, akanitikisia kidole, akafunga kikao. Wazee walikuwa bado wanaulizana habari za maharage.

"Bibi, kwa nini ulikaa?" nilimuuliza njiani.

"Ulitaka nisiwaitikie? Nionekane sikulelewa?" Akatembea kidogo. "Kwani kijana yule alikuwa ameuliza nini?"

Nondo zikafungwa. Jioni ile nikampigia mama. Alicheka mpaka akakohoa, akataka nimwigize ofisa tena. Nyuma yake nilisikia mpiga debe akiita watu wa Kitahana, na mtu akiomba chai ya rangi.

"Bati linavuja bado, pale juu ya mlango wa ndani?" akauliza.

"Linavuja."

"Basi kawaambie wasiweke mafaili upande huo. Mvua zikianza yataoza."

Nikasema sawa. Nimechungulia: mafaili yote wameyapanga upande huo huo. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Burundi, na mimi sijamwambia mtu.