Maua ya Mgeni wa Kolonie

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, na watoto wa kolonie ya vakansi, ile kambi ya likizo, waliniita mama monitrice. Kazi ya monitrice, nilivyoambiwa, ni kukaa na watoto wa watu mwezi wa nane, waimbe, wacheze, wasivunjane meno. Hawakuniambia habari ya mistari. Kolonie yetu Goma ilikuwa ya wiki mbili, na wiki moja nzima tuliimaliza tukiwafundisha watoto namna ya kumpokea mkubwa fulani aliyetoa jusi na biskuti. Michezo yenyewe ilikuwa kujipanga.

Direkta wetu alikuwa mtu wa filimbi. Alipuliza watoto waanze, akapuliza wanyamaze. Nadhani hata foufou ya nyumbani kwake iliiva kwa filimbi. Alituamuru tupake chokaa mawe meusi ya uwanja, kana kwamba volkano ilikosea rangi. Tulipaka siku mbili.

Wa kupeleka maua alichaguliwa msichana wa miaka mitano, mdogo kuliko wote katika kikundi changu. Alijizoeza kwa tawi la sombe, majani ya muhogo, uso umekaza kama wa askofu. Mama yake, muuza makala ya kupikia wa Majengo, alimwazimia gauni jeupe kwa jirani, akaja kunisihi: "Mama monitrice, uniangalilie hii nguo, ni ya watu." Nikamwahidi.

Siku ya kufunga, mgeni alitangazwa wa saa tatu. Saa tatu tukawa kwenye mistari. Saa nne bado tuko, jua linatupiga. Saa tano yule mtoto wa maua akanivuta kikwembe.

"Mama monitrice, nasikia mikojo. Naweza enda?"

Nikamfuata direkta. Choo kilikuwa kimeoshwa na kufungwa kwa kufuli, ufunguo uko mfukoni mwake, ili watoto wasikichafue mbele ya mgeni. Tena, akasema, mutu akitoka mustari, protokole inaharibika. "Batoto bavumilie."

Ningeweza kumpeleka nyuma ya darasa, hatua ishirini tu. Sikumpeleka. Niliogopa filimbi, na ninaona haya mpaka leo. Nikarudi kumwambia, "Vumilia, mama, anafika sasa hivi." Akaomba tena, nikamjibu vile vile. Mara ya tatu nilimkaripia.

Mgeni akafika saa sita, anaongea na telefoni. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu sijui alimponya nani. Filimbi ikalia, wimbo ukaanza, na mtoto akatoka na maua yake, polepole kama tulivyomfundisha. Katikati ya uwanja gauni likalowa. Hakusimama. Alifika, akapiga goti, akanyoosha maua. Mgeni akaruka nyuma kuokoa viatu vyake. Direkta akampokonya maua, akampa mtoto mwingine, mkavu, na picha ikapigwa.

Nikamtoa yule wangu pembeni. Wenzake walikuwa wanamcheka, lakini yeye hakulia. Mikojo ilikuwa imefika mpaka kwenye soksi. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kumfuta miguu kwa kikwembe. Kwenye mikro direkta alikuwa anasifu nidhamu ya kikundi changu, na wazazi wanapiga makofi.

Mtoto akaniinulia macho.

"Mama monitrice, sasa naweza enda?"